Bastola ndogo za .22: zinaaminika kiasi gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawahusu walio mahali ambapo raia anaruhusiwa kumiliki bastola, na wengi wanaoyauliza kwa Kiswahili wako Marekani. Kwa walio kwingine, tazama kwanza maswali ya 21 na 22. Maneno machache yatajirudia: *.22* na *9mm* ni aina za risasi zinazoitwa kwa upana wake, *ganda* ni kile kikopo cha shaba nyeupe au ya njano, *kichwa* ni kile kipande cha plumbi (madini ya risasi) kinachoruka, *fataki* ni kemikali inayowasha baruti, na *slaidi* ni kipande cha juu cha bastola kinachorudi nyuma kila unapofyatua.

## Misingi

1. Risasi ya .22 ina tofauti gani na ya 9mm?

Tofauti kubwa iko kwenye makalio ya ganda. Geuza risasi ya 9mm uitazame kwa nyuma: utaona kitufe cha duara katikati. Hicho ndicho chenye fataki, na pini ya bastola hukipiga hapo. Sasa geuza ya .22, ile ya kawaida iitwayo Long Rifle. Hakuna kitufe. Fataki imefichwa ndani ya ule ukingo mwembamba unaozunguka ganda, na pini hulazimika kuuponda ukingo huo ili moto uwake.

Risasi hii ilitokea Marekani mwaka 1887, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Kichwa cha kawaida kina greni 40, yaani gramu 2.6, nacho ni plumbi tupu au plumbi iliyopakwa shaba nyembamba. Ina mtikisiko mdogo, mlio mdogo na bei ndogo, ndiyo sababu watu wengi hujifunzia kwayo.

2. Kwa nini .22 hukataa kulipuka mara nyingi kuliko risasi nyingine?

Kwa sababu ya jinsi inavyotengenezwa. Fataki huwekwa ndani ya ganda ikiwa mbichi, kisha huzungushwa kwa kasi ili isambae ukingoni kote. Isiposambaa sawasawa hubaki mahali pasipo na kitu. Pini ikiangukia hapo, utasikia "tik" na basi. Risasi ya fataki ya katikati haina tatizo hilo, maana fataki yake imekaa mahali pamoja.

Hata bastola ya bei kubwa kuliko zote haiwezi kuliondoa jambo hili. Risasi nzuri hulipunguza sana, lakini halifiki sifuri. Yeyote anayefikiria kuitegemea .22 kwa usalama wa maisha yake aanze kwa kulikubali hilo.

3. Nitajuaje kama shida ni risasi au ni bastola?

Okota ile iliyokataa (baada ya kufuata hatua za swali la 8) na uitazame ukingo wake kwenye mwanga. Alama ya pini ndiyo itakayokueleza.

Alama ikiwa imezama vizuri, kama kijitundu kilichopondwa waziwazi, bastola imefanya kazi yake na risasi ndiyo mbovu. Alama ikiwa hafifu, kama mkwaruzo tu, pini haikupiga kwa nguvu. Chanzo huwa uchafu kwenye njia ya pini, springi iliyochoka, au slaidi ambayo haikufunga mpaka mwisho.

Kuna hali ya tatu inayowachanganya wengi: inakataa mara ya kwanza, inalipuka mara ya pili. Mara nyingi hapo chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, ndiyo chafu. Risasi haikuingia yote, hivyo pigo la kwanza likaisukuma ndani na la pili likaiwasha. Kama bastola yako inaruhusu kutoa mtutu, utoe na udondoshe risasi kwenye chemba kwa uzito wake yenyewe. Inapaswa kuteleza mpaka ukingo ukae. Ikisimama njiani, safisha chemba kabla ya kununua springi yoyote.

## Kuchagua

4. Rivolva au ya magazini?

Kwa kujilinda kwa .22, rivolva, yaani ile yenye silinda ya risasi inayozunguka, si ile inayolishwa na magazini, kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Risasi moja ikikataa, unabonyeza triga tena na risasi nyingine inakuja mbele ya mtutu, hakuna haja ya kukoki wala kutumia mkono wa pili. Ruger LCR ya .22 na Smith & Wesson 43C hubeba risasi 8 kila moja, na zote ni nyepesi.

Ubaya wake ni triga nzito, maana ukingo unahitaji pigo la nguvu kuliko kitufe cha katikati. Mwenye vidole dhaifu huenda akashindwa. Ijaribu kwa mkono wako dukani, kwa ruhusa ya muuzaji na bastola ikiwa tupu, kabla ya kutoa pesa.

Kwa mazoezi, ya magazini ni bora: triga laini, kujaza haraka, na kukwama kwake kunakufundisha kukwamua.

5. Bastola zipi za mazoezi husumbua kidogo zaidi?

Zile kubwa kidogo zilizobuniwa kwa .22 tangu mwanzo, zenye mtutu usiosogea. Familia ya Ruger iliyoanza mwaka 1949 na ambayo toleo lake la Mark IV lilitoka mwaka 2016, pamoja na Browning Buck Mark, zina sifa nzuri iliyodumu miaka mingi. Taurus TX22 na Glock 44 nazo zinafaa kwa anayetaka kitu kinachofanana na bastola yake ya 9mm mkononi.

Vibastola vya mfukoni ni habari nyingine. Slaidi yake ni fupi, safari yake ya kurudi nyuma ni fupi, na kila kosa dogo la risasi linaonekana.

6. Ninunue risasi gani?

Kwa bastola ya magazini, anza na kichwa cha greni 40 cha umbo la mviringo, kilichopakwa shaba, cha mwendo wa juu. CCI Mini-Mag ndiyo kipimo wanachokitumia wengi: kiwandani huandikwa futi 1,235 kwa sekunde, takriban mita 376. Hiyo ni kwa mtutu wa bunduki ndefu. Kwenye mtutu wa inchi 2 mwendo hushuka mpaka karibu mita 260 hadi 290.

Mwendo wa juu unahitajika kwa sababu nguvu ya risasi ndiyo inayoisukuma slaidi. Ukiweka risasi za mwendo wa pole, slaidi hairudi vya kutosha na ganda linabanwa. Risasi za bei ya chini zinazouzwa kwa wingi ndani ya boksi kubwa bila mpangilio hufaa kwa rivolva na mazoezi mepesi, ila tarajia kukataa kwingi na masizi mengi. Shaba juu ya kichwa nayo ina maana yake: plumbi tupu yenye nta huacha utando mdomoni mwa chemba.

Nunua boksi ndogo za aina tatu au nne, piga risasi 50 za kila aina, uandike kila kukwama. Bastola mbili za muundo uleule zinaweza kupenda risasi tofauti. Ukishaipata inayopendwa na yako, hapo ndipo ununue nyingi.

7. Vipi kuhusu .25 ACP? Wanasema ni .22 isiyokataa.

Kwa sehemu ni kweli. John Browning aliibuni mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya bastola za mfukoni, akaipa fataki ya katikati. Nguvu yake iko karibu na ya .22 kwenye mtutu mfupi, lakini huwaka kwa uhakika zaidi na haisumbui kwenye magazini. Tatizo ni bei ya risasi zake na uhaba wa bastola mpya. Usichoweza kumudu kukifanyia mazoezi hakitakusaidia.

## Inapokwama

8. Nimebonyeza triga, imelia "tik" tu. Nifanye nini?

Kwenye uwanja wa shabaha: iache bastola imeelekea kwenye shabaha, kidole kitoke kwenye triga, hesabu sekunde 30. Risasi inaweza kuchelewa kulipuka. Kisha toa magazini, vuta slaidi nyuma, iache risasi ianguke, na utazame chemba kwa macho. Usiitazame bastola kwa mbele hata kidogo.

Kwenye hatari ya kweli hakuna kuhesabu: piga kitako cha magazini kwa kiganja, koki kwa nguvu, endelea. Mazoezi ya hatua hiyo fanya kwa kuchanganya risasi bandia za plastiki kwenye magazini, mtu mwingine akujazie ili usijue iko ya ngapi.

Kuizungusha risasi iliyokataa nusu duara na kuijaribu tena ni jambo la uwanjani tu. Ikiwaka, basi pale pa kwanza hapakuwa na fataki.

9. Ganda tupu linabanwa na slaidi, limesimama wima. Kwa nini?

Slaidi haikurudi nyuma vya kutosha, au ndoano inayovuta ganda imejaa masizi na haishiki ukingo. Pia mkono unaolegea hunyonya ile nguvu ndogo iliyopo. Angalia kwa mpangilio huu: shika bastola imara zaidi, badilisha risasi kuwa ya mwendo wa juu, halafu safisha ndoano kwa kijiti chenye ncha. Shida ikibaki baada ya hayo matatu, ipeleke kwa fundi.

10. Risasi zinanasana ndani ya magazini na hazipandi.

Ukingo wa risasi ya juu umekaa nyuma ya ukingo wa ile ya chini. Slaidi inaposukuma ya juu, inaivuta na ya chini, zinagoma pamoja. Unapojaza, hakikisha ukingo wa kila risasi unakaa *mbele* ya ukingo wa ile iliyo chini yake. Ukiitazama magazini kwa ubavu, vichwa vinapaswa kupanda kwa ngazi safi bila hata kimoja kilichoinama.

Kosa linalotokea sana ni kukivuta kile kitufe cha pembeni mpaka chini na kuziacha risasi zianguke zenyewe. Kishushe kidogokidogo, upana wa risasi moja kila mara.

11. Mlio umekuwa hafifu kuliko kawaida.

Simama hapohapo. Huenda kichwa kimebaki ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Toa risasi zote, fungua bastola, pitisha ufito au uangalie mwanga ukitokea upande wa chemba. Kuna kitu ndani? Siku imeisha, fundi akitoe.

## Usafi na utunzaji

12. Nisafishe kila baada ya risasi ngapi?

Kibastola cha mfukoni: kila baada ya risasi 100 hadi 200. Kubwa za mazoezi huvumilia 500 au zaidi. Inayobebwa kwa kujilinda isafishwe kila irudipo kutoka uwanjani.

Sehemu nne ndizo zenye kazi: chemba (brashi ya shaba, mizunguko kadhaa), uso wa slaidi unaogusana na makalio ya risasi, chini ya ndoano, na ngazi inayopandishia risasi. Kwenye rivolva ongeza chini ya ile nyota inayosukuma maganda. Chembe moja ya baruti isiyoungua ikikaa hapo, silinda inakuwa nzito au inagoma kabisa. Mafuta yawe tone moja kwenye reli za slaidi. Mengi hukamata uchafu na kuwa gundi.

Nawa mikono kwa sabuni na maji ya baridi kabla ya kula chochote. Fataki ya .22 na kichwa chake vina plumbi, na plumbi ni sumu, hasa kwa watoto. Nguo za uwanjani zifuliwe peke yake.

13. Naweza kubonyeza triga bila risasi ndani?

Soma kitabu cha mtengenezaji kwanza. Pini isipokuta ukingo wa ganda, kwenye bastola nyingi za zamani hugonga mdomo wa chemba. Kidogokidogo hupaacha na kovu, na kovu hilo ndilo litakalozuia risasi kuingia (swali la 3). Matoleo mengi mapya yana kizuizi cha kuikinga pini, lakini si yote. Tumia risasi bandia. Wamarekani wengi hutumia zile plagi za plastiki ya njano za kufungia skrubu ukutani, namba 4 hadi 6. Ni za bei ndogo na hazifanani na risasi ya kweli hata kwa mbali.

14. Risasi zilizokaa kwenye bastola ninayobeba zibadilishwe lini?

Kila miezi sita, na mapema zaidi zikiloa jasho au mafuta. Kichwa cha .22 hakishikwi kwa nguvu na ganda, hivyo unyevu na mafuta hupenya. Usinyunyizie mafuta ya kupenyeza kutu karibu na risasi. Risasi moja ikiingizwa na kutolewa kwenye chemba mara kadhaa hulegea kichwa. Ipeleke kwenye boksi la mazoezi.

## Kujilinda

15. Je, .22 inatosha kujilinda?

Ni chaguo la mwisho, si la kwanza. Kutoka mtutu wa inchi 2, kichwa cha gramu 2.6 kikienda mita 280 kwa sekunde hubeba takriban joule 100. Risasi ya kawaida ya 9mm hubeba kati ya 450 na 500. Ndiyo, .22 inaua, na hakuna anayepaswa kuichukulia kama mchezo. Lakini kuua baadaye na kumsimamisha mtu sasa hivi ni mambo mawili, na anayejilinda anahitaji la pili. Jumlisha na kukataa kwa risasi kulikoelezwa kwenye swali la 2.

Hata hivyo, kuna watu ambao .22 ndiyo silaha pekee wanayoweza kuishika na kuilenga. Kwao .22 iliyojaribiwa ni bora kuliko 9mm wanayoiogopa.

16. Mama yetu ana ugonjwa wa viungo na hawezi kuvuta slaidi. Tumnunulie .22?

Kabla ya hapo mpelekeni akajaribu bastola za .380 zenye slaidi nyepesi, kama Smith & Wesson Shield EZ ya .380. Wengi walioambiwa "huwezi" huiweza hiyo, na fataki yake ni ya katikati. Ikishindikana, kuna Ruger LCP II ya .22, yenye slaidi iliyolegezwa makusudi na risasi 10, au bastola ya mtutu unaoinuka (swali la 19). Mama mwenyewe ajaribu, na mama mwenyewe aamue. Silaha aliyochaguliwa na wanawe huishia kabatini.

17. Nitajuaje kuwa yangu inaaminika?

Piga risasi 200 za mwanzo ili vyuma vizoeane. Isafishe. Kisha chagua risasi moja, ileile utakayobeba, na piga 200 kwa magazini zote utakazotumia. Kati ya hizo piga angalau 50 kwa mkono mmoja, na nyingine baada ya bastola kukaa wiki nzima mfukoni au kwenye mkoba wake pamoja na vumbi lake.

Kukwama kokote kunakosababishwa na bastola au magazini kunarudisha hesabu kwenye sifuri baada ya kurekebishwa. Risasi iliyokataa ikiwa na alama nzito ya pini, iandike pembeni. Zikifika mbili ndani ya 200, badilisha aina ya risasi na uanze upya. Andika namba ya magazini kwa kalamu kwenye kitako, maana mara nyingi mkorofi ni magazini moja tu.

18. Nitumie kichwa chenye tundu mbele, kile cha kufunguka kikigonga?

Kwenye mtutu mfupi, vichwa vingi vya .22 vyenye tundu havipati mwendo wa kufunguka, na vikifunguka havifiki mbali. Kipimo kinachotumika Marekani ni inchi 12 hadi 18 kwenye jeli ya majaribio, na kichwa kizima cha greni 40 kina nafasi nzuri zaidi ya kukifikia. Federal Punch ya greni 29 ilitengenezwa kwa mitutu mifupi kwa wazo hilohilo: kupenya, si kufunguka. Yoyote uichaguayo ipitie swali la 17.

## Mambo ya pembeni

19. Bastola yangu ni Beretta 21A. Risasi ikikataa, kukoki hakusaidii. Imeharibika?

Haijaharibika. Bastola hii haina ndoano. Ganda tupu hutolewa na nguvu ya mlipuko wenyewe. Pasipo mlipuko hakuna cha kulitoa. Triga yake hukuruhusu kubonyeza mara ya pili kwenye risasi ileile. Ikigoma tena, inua mtutu kwa kile kitufe cha pembeni na utoe risasi kwa kucha. Ni hatua za polepole, na aibebaye kwa kujilinda azijue kabla.

20. Naweza kutumia .22 Short au .22 Magnum kwenye bastola ya .22 Long Rifle?

Magnum hapana, kamwe, na Long Rifle kwenye chemba ya Magnum pia hapana. Ganda lake ni jembamba kwa chemba hiyo na litapasuka. Short inaingia kwenye rivolva ya Long Rifle, ila huacha pete ya masizi inayozuia risasi ndefu kuingia baadaye. Isafishe kabla ya kubadilisha. Kwenye bastola ya magazini Short haitaiendesha slaidi.

21. Niko Marekani kwa visa ya masomo au ya kazi. Naweza kununua, au hata kuazima uwanjani?

Sheria ya shirikisho inawakataza wenye visa za muda kushika silaha au risasi, isipokuwa wachache wanaoingia kwenye msamaha, mfano mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kuazima kwa saa moja uwanjani nako ni kushika. Kukutwa na hatia ya silaha kunaweza kukufukuzisha nchini. Mwenye green card anaruhusiwa, akifuata masharti ya jimbo lake. Muone wakili wa uhamiaji kabla, si baada.

Uingereza ilipiga marufuku bastola, hata za .22, mwaka 1997. Kanada ilisimamisha uuzaji wa bastola kwa watu binafsi tarehe 21 Oktoba 2022.

22. Narudi nyumbani Kenya au Tanzania likizo. Naweza kwenda nayo?

Bila kibali cha kuingiza silaha kilichopatikana kabla ya safari, hapana. Kenya inasimamia silaha kwa Sura ya 114 ya sheria zake kupitia Bodi ya Leseni za Silaha. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni ya Marekani haina nguvu huko.

Hatari iliyo karibu zaidi ni risasi iliyosahaulika. Ya .22 ni ndogo kama punje ya maharage: hujificha kwenye mshono wa begi. Begi la uwanjani lisiwe begi la safari. Ukiwa huna jingine, ligeuze nje ndani na upapase kila mfuko.

23. Kuna watoto nyumbani. Kufuli la waya lililokuja na bastola linatosha?

Linazuia bastola isifyatuke, halizuii isibebwe. Duka lenye leseni Marekani hulazimika kutoa kifaa cha usalama pamoja na bastola, na hicho ni kiwango cha chini. Weka sanduku la chuma lenye namba, lililofungwa kwa skrubu kwenye fremu ya kitanda au kabati. Triga ya bastola ndogo ya magazini ikishakokiwa ni nyepesi kwa kidole cha mtoto wa miaka mitano, na mtoto huona unapoficha hata ukidhani hakuoni.

24. Risasi zilizokataa nizitupe wapi?

Viwanja vingi vya shabaha vina ndoo yake, mara nyingi imeandikwa. Ziache hapo. Usizirudishe nyumbani, usizitupe kwenye takataka za jikoni, na usijaribu kuzifungua kwa koleo: fataki ipo ukingoni, na koleo hubana palepale ukingoni.